Koti na Goti

Kabla kompyuta haijaletwa, kila kisiagi kilichoundwa katika karakana yetu kilikaa kwanza kichwani mwa mtu mmoja. Karakana yenyewe ilikuwa ukingoni mwa eneo la viwanda, upande unaopakana na Mukuru kwa Reuben, na kazi yake ilikuwa moja tu: mashine za kusaga mahindi. Mteja alifika, akaeleza haja yake. Alitaka mota ya umeme au injini ya dizeli. Chujio la unga laini au la chakula cha kuku. Miguu mirefu ya kusimama juu ya saruji au mifupi ya kufungwa kwenye mbao. Fundi mkuu alimsikiliza akiwa amefumba jicho moja, kisha akawageukia mafundi na kuwatajia vipande, kimoja baada ya kingine, bila karatasi. Mashine ikitoka hapo haikukosa kitu, na hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza kwa nini haikukosa kitu.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa upande wa Bungoma, aliyeishi Makadara na mkewe tangu ujana wao, na aliyebakiza miezi michache astaafu. Hiyo ndiyo sababu kompyuta ililetwa. Mkurugenzi wetu, mtu mwenye haraka na asiye na ubaya, alitaka kichwa cha mzee kihamishiwe ndani ya mashine kabla mzee hajaondoka nacho kwenda Bungoma. Alisema hivyo mbele ya mzee mwenyewe, naye mzee akacheka, akauliza kama kofia itabaki.

Mimi sikuwa mhandisi. Nilikuwa nimesomea sarufi na maandishi ya kale, elimu ambayo katika miaka ile ya tisini haikuwa na mwajiri, na nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa wa Tena nikingoja chuo kimoja kijibu barua yangu. Mkurugenzi aliniajiri kwa sababu ya mwandiko wangu na kwa sababu alisikia kwamba niliweza kusahihisha kurasa mia bila kuchoka. Karakanani wakaniita Mwalimu. Sikuwahi kumfundisha yeyote pale, lakini jina hilo nililipenda kuliko ilivyofaa.

Kazi niliyopewa naweza kuieleza kwa ufupi. Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchoro mkuu mmoja, uliobeba kila kipande ambacho kisiagi chetu chochote kingeweza kuwa nacho, hata vipande visivyoweza kamwe kukutana katika mashine moja. Mchoraji aliyeutengeneza alikuwa amekwisha kuhama, na alikuwa amevipa vipande namba bila majina. Kando ya mchoro palikuwa na orodha tupu ya sifa, yaani yale ambayo mteja angeweza kuyachagua. Mimi nilitakiwa kuijaza orodha hiyo kutoka kinywani mwa mzee, kisha kuifunga kila sifa kwenye kipande chake. Mteja akichagua sifa, kipande chake kingebaki katika mchoro na kuingia katika karatasi ya stoo. Asipoichagua, kipande kingetoweka. Mkurugenzi akaongeza kanuni yake: kisichoandikwa katika karatasi hiyo hakitoki stoo.

Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya mwanasarufi. Tunasema mti mrefu, kiti kirefu, jembe refu: sifa haitembei peke yake, hujivika alama ya jina inalolifuata, na kwa alama hiyo tunajua ni ya nani. Niliona kwamba ninachofanya katika chumba cha juu cha karakana, mbele ya kioo cha kompyuta kilichotoa joto kama jiko, ni upatanisho wa kisarufi kwa chuma.

Kulikuwa na jambo moja katika programu ile lililonivutia tangu mwanzo. Kipande ambacho hakikufungwa kwenye sifa yoyote hakikufutwa. Kilibaki ndani ya mchoro mkuu, kizima, na vipimo vyake vyote, ila hapakuwa na namna ya kukiita. Programu iliviweka vipande vya namna hiyo katika orodha yao ya pembeni. Niliipa jina: orodha ya mayatima.

Sasa niseme kuhusu matamshi ya mzee, maana yote yanatoka hapo. Katika lugha yake ya kwanza, sauti za b, d na g husimama tu pale zinapotanguliwa na m au n. Penginepo hukazwa. Kwa hiyo alisema mbuzi, ndugu na nguo kama mtu yeyote, lakini baba alikuwa papa, dawa ilikuwa tawa, na ugali, chakula cha kila siku saa saba, ulikuwa ukali. Mafundi, wengi wao waliokulia mitaa hii hii, walimwiga kwa mapenzi. "Mzee, leo ukali ni mkali?" "Ni mkali kuliko mama yako," alijibu, nao wakaangua kicheko na kusogeza sufuria. Mimi sikumwiga. Niliitambua kanuni yake katika siku yangu ya pili, nikaiandika nyuma ya daftari, na tangu hapo kila aliposema k nilijua kurudisha g mahali pake. Nilijivunia jambo hilo kimyakimya.

Sikujua kwamba katika karakana ile palikuwa na vipande viwili vyenye majina ya kienyeji. Kimoja kiliitwa goti: bomba lililopindwa linaloteremsha unga kutoka kwenye kinu hadi kwenye gunia, nalo lilikuwa refu au fupi. Kingine kiliitwa koti: bati nene lililokunjwa, linalofunika mkanda na magurudumu yake ili lolote lisivutwe ndani. Mashine zenye mota iliyoshikana na kinu hazikuwa na mkanda, kwa hiyo koti lilikuwa sifa ya kuchagua. Mafundi walilitaja koti kila siku nami niliwasikia. Nilidhani wanamwiga mzee anavyosema goti.

Wala sikujua jinsi wao walivyotofautisha. Mzee alipotaka goti, alijipiga kofi dogo kwenye goti. Alipotaka koti, alishika ukosi wa shati lake. Kwa miaka yote hakuna aliyekosea, kwa kuwa hakuna aliyepokea agizo lake bila kumtazama.

Alinisomea sifa zake kwa muda wa siku tatu, tukiwa chumba cha juu, yeye amekaa kwenye benchi na mimi nimeinamia karatasi. Siku ya tatu tulifikia sehemu ya nje ya mashine.

"Andika, papa. Koti refu."

Niliandika: Goti refu.

"Koti fupi."

Niliandika: Goti fupi.

"Halafu koti."

Niliandika: Goti. Sikuinua macho. Mtu mwangalifu angeuliza ni kwa nini kipande kimoja kihitaji mistari mitatu. Mimi niliamua kwamba wa tatu ulikuwa kwa ajili ya goti la kawaida, lisilo refu wala fupi, nikalifunga jioni ile kwenye bomba lile lile fupi. Kisha, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu, nilimsomea mzee orodha yote kwa sauti siku iliyofuata. Nilisema goti, goti, goti, naye akaitikia kila mara. Katika sikio lake, kama katika ulimi wake, maneno yale mawili hayakuwa na ua kati yao. Sarufi nayo haikunionya: goti ni refu na koti ni refu, goti limekuja na koti limekuja. Laiti yangekuwa ya ngeli mbili tofauti.

Nilipomaliza kufunga sifa zote nilifungua orodha ya mayatima. Kilikuwamo kipande kimoja. Nilikitazama: bati lililokunjwa, wazi upande mmoja, na ukingo uliopinduliwa kwa juu. Nilikisia kwamba ni mabaki ya mashine ya zamani. Nilikiacha, nikashuka kunywa chai.

Mkurugenzi aliamua kwamba mashine ya kwanza ya utaratibu mpya iwe zawadi ya kustaafu ya mzee. Mkewe alikuwa na kibanda Mukuru kwa Reuben, alipouza maharagwe na dagaa, na kwa muda mrefu alikuwa ametamani kisiagi. Nilimjua mama huyo. Alikuja mara kwa mara saa saba na chakula cha mumewe, akanisalimu kwa mkono mkavu wenye nguvu, akiutikisa wangu kana kwamba anapima uzito wake. "Mwalimu, unakonda," aliniambia. "Hizo herufi hazishibishi." Siku zote alivaa leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na ncha zake zilitangulia kila alipoinama.

Tuliijaza fomu ya mashine yake pamoja, mzee na mimi. Alichagua mota, mkanda, chujio la unga laini. Kisha akaweka kidole chake kizito kwenye meza.

"Zingine zote unaweza kukosea, papa. Koti, hapana. Mama anavaa leso."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Niliona nimemwelewa vizuri: bomba lisipokuwepo, unga huruka na kuchafua nguo. Nikaweka alama kwenye mstari wa tatu.

Wiki hiyo hiyo kulitokea msiba kwao Bungoma, mzee akapanda basi kwenda kuzika. Mashine yake iliunganishwa bila yeye, kwa karatasi yangu.

Aliyetunza stoo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Makadara, ambaye sisi sote tulimwita Mama Stoo ingawa hakuwa amezidi umri wa wengi wetu. Alipanda ngazi akiwa na karatasi yangu mkononi, na alikuwa akicheka.

"Niaje, Mwalimu. Hii mashine ya mzee umeitoa nje uchi."

"Vipi?"

"Haina koti. Na hii baridi ya Julai? Itashikwa na homa."

Nilimwonyesha kioo. Nilimwonyesha mstari wenyewe, na alama yangu. "Hili hapa," nilisema. "Ni goti. Mzee hutamka koti, lakini neno ni goti. Na limo kwenye karatasi yako."

"Goti naliona. Mimi nauliza koti."

"Ndilo hilo hilo."

Aliacha kucheka. Alinitazama kwa namna ambayo kwa wakati ule niliichukua kuwa ni uzito wa kuelewa. "Alipokuambia, aligusa wapi?"

"Aligusa nini?"

"Mzee. Akikuambia. Mkono wake ulienda wapi?"

Nilimjibu kwamba sikuandika mikono ya mzee, niliandika maneno yake. Lilikuwa jibu zuri, nadhani nilitabasamu. Mafundi wawili walikuwa wanangoja chini, na kanuni ya mkurugenzi ilikuwa ya wiki moja tu, bado kali. Mama Stoo aliikunja karatasi mara mbili.

"Haya, Mwalimu. Wewe ndiye unajua Kiswahili."

Alishuka. Mashine ikaunganishwa, ikapakwa rangi ya kijani, ikasukumwa kwa mkokoteni hadi kibandani, umbali wa mwendo wa dakika kumi. Fundi aliyeifunga alimwambia mama asikaribie mkanda mpaka mzee arudi ashughulikie. Alijua kilichokosekana, lakini hakuwa na ruhusa ya kukitoa stoo. Wateja nao walikuwa wamekwisha kupanga madebe yao mlangoni tangu alfajiri, wakimtania. "Mama, hicho chuma ni cha kusaga au ni cha maonyesho?" Akawasha.

Alisaga siku nne. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, na mzee alikuwa njiani kurudi. Mnamo saa nne asubuhi mama aliinama kufagia unga uliomwagika chini ya mkanda. Ncha ya leso ya mabegani ilitangulia. Mkanda uliivuta, naye akapeleka mkono kuinasua.

Habari ililetwa langoni na mteja aliyekuja mbio, bado ameshika debe lake. Mama Stoo ndiye aliyenipandishia. Hakupaza sauti, wala hakunilaumu. Alisimama mlangoni, akaniambia kilichotokea kwa maneno machache, kisha akauliza tena, polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Mwalimu, aligusa wapi?"

Alipoondoka nilifungua orodha ya mayatima. Kipande kilikuwa pale. Nilikizungusha kwenye kioo, upande huu na upande ule, na safari hii niliona ule ukingo uliopinduliwa kwa juu ulikuwa nini. Ulikuwa ukosi. Ndipo ikanijia, si kama wazo bali kama kitu kilichokuwa kimesimama chumbani muda wote: siku ya tatu, mimi nimeinamia karatasi, na pembeni mwa jicho langu, juu tu ya ukingo wa daftari, mkono wa mzee ukipanda kutoka gotini kwenda shingoni. Nilikuwa nimeuona. Nilidhani anajilegezea shati kwa sababu ya joto la kompyuta.

Tangu hapo mkono huo haujanipa nafasi. Kule Tena kulikuwa na kisiagi upande wa pili wa barabara, na kila kilipowashwa, kabla mlio haujatulia, ulipanda. Mhubiri akirekebisha ukosi wake, au karani wa benki, au mwanafunzi anayejibu swali langu sasa katika ukumbi wa chuo, nauona ukipanda, nami naacha kusema katikati ya sentensi. Wanafunzi hudhani natafuta neno.

Nilikwenda Makadara kuwatembelea baada ya mama kutoka hospitali. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa kanisa lao, na chai ilikuwa tamu mno. Mkono wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya kifundo, umefungwa, umelazwa juu ya mto mdogo uliofumwa maua. Mama aliponiona alianza kuunyanyua, kwa mazoea, kisha akausitisha na kunipa wa kushoto.

"Unisamehe, Mwalimu," alisema. "Nakusalimu kwa kushoto."

Niliupokea. Nimewahi kusoma maombolezo mengi katika maandishi ya kale, na hakuna ubeti hata mmoja niliousoma unaonikalia kama maneno hayo matano.

Mzee alinisindikiza hadi nje, penye mfereji wa maji. Alikuwa amevaa shati jeupe la ibada, limefungwa kifungo cha juu.

"Papa, nataka kukuuliza kitu. Siku ile, kule juu, nikikusomea. Nilikusa?"

Nilielewa mara moja, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haja ya kurudisha sauti yoyote mahali pake. Nilijua pia kile alichokuwa akiniomba. Kama aligusa, basi agizo lake lilikuwa kamili na kosa lilikuwa la mwandishi. Kama alisahau, basi ni ulimi wake mwenyewe, ule uliochekwa miaka yote, uliouchukua mkono wa mkewe. Jibu la kweli lilikuwa neno moja.

Barua ya chuo ilikuwa imefika juma lile. Walihitaji sifa yangu kutoka kwa mwajiri, na mkurugenzi alikuwa ameahidi kuiandika. Sisemi kwamba niliifikiria barua hiyo pale penye mfereji. Nasema ilikuwa mfukoni.

"Sikumbuki, Mzee," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kipimo na kukikuta ndicho. "Nitakuwa nilisahau," alisema. "Uzee." Akanishukuru kwa kufika.

Mkurugenzi aliandika katika taarifa yake kwamba kosa lilitokana na matamshi. Aliandika pia barua yangu, nayo ilikuwa nzuri, ilisifu uangalifu wangu. Mzee alifanya kazi hadi mwisho wa mwezi. Katika majuma hayo hakulitamka tena neno lile. Alipolihitaji alisema bati la mkanda, mikono yake ameifumbata nyuma, na mafundi wakalitafuta bila kumtania. Kisiagi kilirudishwa karakanani, kikauzwa kwa mtu mwingine, na wao wawili wakahamia Bungoma.

Kiungo kati ya sifa ile na kipande chake, mle kwenye kompyuta, nilikuwa nimekitengeneza Jumamosi ile ile, kabla ya saa sita. Haikuchukua dakika moja. Mashine iliyofuata ilitoka stoo ikiwa na koti.